Sifa za Ekstensheni ya Kware

Fumo Liongo alisifiwa kwa upinde wake, masultani kwa majumba yao, na huku Kajiado hata fahali wana nyimbo zao. Sijasikia aliyeisifu ekstensheni, ilhali ndiyo inayowaweka mjini nusu ya mafundi wa Kware.

Ninayoisema inatoka dirishani mwa duka la jirani, inapanda paa la kibanda cha mitumba, inashuka kando ya mtaro, inavuka njia ya bodaboda na kuingia chini ya mabati ya fundi wa mageti. Njiani ina viungo kadhaa vya tepu nyeusi, kila kimoja kumbukumbu ya siku ilipokatika. Mwisho wake ni kibao cha soketi nne kilicholala kwenye vumbi la chuma. Hapo pamechomekwa grinda, drili, redio (haizimwi hata grinda ikilia, sijui anayeisikiliza ni nani) na chaja za simu za watu wasiofanya kazi pale.

Sifa yake kuu, mama wa sifa zote, ni kwamba haikatai.

Watazame jamaa zake katika ukoo wa stima. Breka ikizidiwa inajiangusha. Fyuzi inakatika. Soketi ya ukutani imeficha vipazia katika matundu yake mawili ya chini, na havifunguki mpaka pini ndefu ya juu, ile ya ethi, itangulie kuingia. Waingereza waliiandikia plagi hiyo ya pini tatu kiwango chake mwaka 1947, nasi tukairithi kwao pamoja na chai. Ukoo mzima wa wakataaji!

Fundi anawafahamu vizuri na kila mmoja ana dawa yake. Vipazia hufunguliwa kwa njiti ya kiberiti inayodungwa tundu la juu, kisha nyuzi mbili zilizochunwa zinaingia chini bila plagi wala salamu. Fyuzi ikiungua, nafasi yake inachukuliwa na kipande cha msumari au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Msumari ni mfanyakazi hodari. Haukatiki kwa ampia 13, haukatiki kwa 30. Utaacha waya wote uyeyuke, wenyewe ubaki mzima kama ulivyotoka dukani.

Baada ya upole niusifu wembamba. Chukua grinda kubwa ya inchi tisa, ya wati 2,200. Kwa volti 240 inavuta ampia tisa na kidogo. Ilishe kwa mita 50 za waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, na kwa kuwa stima huenda na kurudi, hizo ni mita 100 za shaba. Njiani zitapotea kama volti 18, na zaidi ya wati 150 zitageuka joto ndani ya waya wenyewe. Huo ni ukarimu: unanunua tokeni za kukatia chuma, unaongezewa joto bila kuliomba. Kama waya ni ule wa bei poa, alumini iliyopakwa shaba juu juu, ukarimu unazidi. Grinda inalegea, fundi anaikandamiza zaidi, nayo inavuta stima zaidi. Mwisho makaa ya mota yanaanza kunuka, na fundi analaumu grinda. Ekstensheni ina bahati ya kutoshukiwa.

Wapo mafundi nadhifu wanaoiacha yote imeviringwa kwenye gurudumu lake na kuvuta mita tatu tu wanazohitaji. Pembeni mwa gurudumu huwa pameandikwa viwango viwili, cha waya uliokunjuliwa na cha uliokunjwa, na hiki cha pili mara nyingi hakifiki hata nusu ya kile cha kwanza. Sababu ni kwamba joto la safu za ndani halina pa kutokea. Lakini maandishi yenyewe ni madogo, na nani husoma gurudumu?

Kuna uzi wa tatu pia, wa kijani na manjano, ambao siku zote hauonekani ukifanya lolote. Kwa hiyo duka linakuuzia waya wa nyuzi mbili, na unabakiza pesa ya chakula cha mchana. Nikiri kwamba grinda nyingi za mkono haziuhitaji: zina alama ya mraba ndani ya mraba, kuonyesha zimekingwa mara mbili. Mashine ya weldi yenye kasha la chuma haina alama hiyo. Siku uzi wa ndani utakapolala kwenye kasha, stima itatafuta njia ya kwenda ardhini, na aliye karibu zaidi ni kijana wa mkono mwenye sapatu zilizolowa.

Hapo ndipo fyuzi nayo, hata ile halali, inapoaibika. Iliwekwa kulinda waya, si fundi. Mwili uliolowa una ukinzani wa kama omu 1,000. Kwa volti 240 hiyo ni robo ya ampia, wakati sehemu ya kumi ya ampia yatosha kuvuruga moyo. Fyuzi ya 13 haitajua kwamba kumetokea kitu. Liongo naye alishinda mikuki na minyororo, akaja kumalizwa na sindano ya shaba. Shaba yetu sisi huuzwa kwa mita.

Adui pekee ninayemwogopea ekstensheni ni kibreka cha miliampia 30, kinachopima stima inayotoka na inayorudi, na zikitofautiana kwa kiasi hicho kinakata chini ya nusu sekunde. Waliokifunga wanakilalamikia. Mvua ikinyesha kinakata. Kiungo cha tepu kikigusa bati kinakata. Kijana akishika uzi uliochunika kinakata, naye anabaki pale akitukana, mzima, na mteja akiulizia geti lake. Kwa ukorofi wa namna hiyo kinarukwa kabla wiki haijaisha: nyaya mbili zinapitishwa kando yake, kazi inaendelea, na mteja anachukua geti Jumamosi, siku tatu tu baada ya ile aliyoahidiwa.