Mfumo Unaonyesha Liko Kwako

Nikitaka kuilipa Serikali, hata saa nane usiku inapokea. Naletewa kontroo namba, nabonyeza simu nikiwa chali kitandani, na ujumbe wa kuthibitisha malipo unaingia kabla sijageukia ubavu wa pili. Mfumo huo ulianza mwaka 2017 na, niseme ukweli hata kama unaniuma, unafanya kazi vizuri kuliko mifumo mingi ninayoijua, ikiwamo kadhaa niliyoitengeneza mwenyewe. Hauumwi, hauna msiba, hauendi semina Morogoro.

Ugomvi wangu ni kwamba umejengwa kupokea tu. Sisi tuna kiofisi Sinza, juu ya saluni, na tuliiuzia taasisi moja ya umma programu ya kufuatilia mafaili. Inaonyesha kila faili liko mezani kwa nani na limekaa hapo tangu lini. Inatumika, najua, maana hupigiwa simu kila ikigoma. Malipo yetu ndiyo "yako kwenye mchakato". Siku waliyoniita kurekebisha hitilafu, nikaliona faili la dai letu kwa macho yangu, ndani ya programu yangu mwenyewe, lina alama nyekundu: liko mezani kwa mkurugenzi.

Na kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani hudaiwa ankara inapotoka, si pesa inapoingia, ile asilimia 18 nilishailipa kabla ya tarehe 20 ya mwezi uliofuata. Kwa kontroo namba, nikiwa chali. Nimelipia kodi pesa ambazo sijazitia machoni.

Kwa hiyo mwaliko ulipoingia kwenye WhatsApp, hafla ya jioni ya kuwakutanisha viongozi wa Serikali na wadau wa TEHAMA "ili kubadilishana mawazo katika mazingira rafiki", sikusoma mpaka mwisho. Mawazo ya kubadilishana sikuwa nayo. Nilikuwa na nakala ya ankara katika mfuko wa koti, na mkurugenzi wangu alikuwa kwenye orodha ya waalikwa.

Hoteli iko Masaki, na bajaji haziruhusiwi kuingia. Mdau wa uchumi wa kidijitali anashushwa getini, anapandisha kwa miguu na viatu vyake vilivyopigwa rangi, huku magari yenye namba za STK yakimpita vioo vimefungwa.

Mapokezi yalinipa moyo. Unaelekeza simu kwenye msimbo, jina lako linatokea, beji inachapwa palepale. Nikaanza kuamini. Kisha dada wa mapokezi akanisogezea karatasi yenye mistari: jina, taasisi, cheo, simu, saini.

"Kaka, saini na hapa."

"Si nimeshajiandikisha?"

"Ile ni ya wafadhili. Hii ni ya mkaguzi."

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ipo tangu 2015 na inaitambua saini ya kielektroniki bila kigugumizi. Mkaguzi naye yupo, na anataka wino. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, kwenye chumba chenye watu waliokuja kuzungumzia usalama wa mitandao.

Aliyebuni hafla za namna hii alikusudia watu wasimame ili wazunguke na kuchanganyika. Hapa kwetu tumeirekebisha: sekta binafsi inasimama, Serikali inakaa. Upande wetu kulikuwa na vimeza virefu visivyo na viti. Mbele kulikuwa na makochi meupe, na katikati kamba nyekundu na kijana mwenye waya sikioni. Mkurugenzi wangu alikuwa kochi la pili, anakunywa juisi ya ukwaju. Nikampungia mkono. Naye akanipungia, kwa ule mkono wa kusalimia umma.

Mshereheshaji alitangaza kwamba itifaki imezingatiwa, halafu akaanza kuizingatia upya, jina baada ya jina, mpaka sambusa zikapoa. Mgeni rasmi alikuwa awe waziri. Waziri alipata dharura, akamtuma msaidizi wake, naye akapata dharura ya kwake, na hotuba ikaangukia kwa bwana mmoja mpole ambaye nadhani alikuwa amekuja kula tu. Shida ya hotuba ya kuwakilishwa ni kwamba lazima isomwe ilivyoandikwa. "Mimi kama Waziri," akasoma yule bwana, macho hayabanduki kwenye karatasi, "nawahakikishia milango ya ofisi yangu iko wazi." Tukapiga makofi kwa ajili ya milango ya mtu ambaye hayupo. Yakafuata mapinduzi ya nne ya viwanda, ikafuata akili mnemba, tukafika mahali ambapo vijana huambiwa wasisubiri kuajiriwa. Mdau mmoja akanyoosha kidole kuuliza kuhusu madeni ya wazabuni. "Hilo nitalifikisha," akasema Waziri, yaani yule bwana.

Akasimama mkubwa mmoja wa kampuni ya simu, akaishukuru Serikali kwa "mazingira wezeshi". Nikatazama huku na huku kuona kama kuna atakayekohoa. Julai 2021 tuliwekewa tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, na shangazi yangu akarudia kutuma michango ya matanga kwa konda wa basi. Septemba ikabidi ipunguzwe kwa asilimia 30. Ndani ya ukumbi ule mwaka 2021 haukutajwa na mtu. Ungedhani nchi nzima tuliuruka.

Ukafika muda wenyewe wa kuchanganyika. Kijana mmoja nadhifu akaniuzia hifadhi ya data ya mtandaoni. Nilipomaliza kumkataa, nikamuuzia programu ya mafaili. Akanikataa kwa heshima ileile. Dada wa pembeni alikuwa anauza ulinzi wa mifumo, mzee wa kushoto anauza mashine za risiti, na kadi zilipita mikononi bila kusomwa. Upande wetu wote tulikuwa wauzaji. Wanunuzi walikuwa nyuma ya kamba, na trei ya mishikaki ilianzia huko.

Nikamnong'oneza mzee wa mashine: "Wewe umekuja kwa lipi hasa?" Akafungua koti kidogo. Ndani kulikuwa na bahasha ya kaki. Dada wa ulinzi wa mifumo akaiona, akacheka, akagusa mkoba wake. Kumbe tulikuwa kwenye foleni, ila hakuna aliyetupa namba.

Halafu mkurugenzi akainuka kwenda msalani, na kamba ikafunguliwa. Vimeza vyetu vyote vikaachwa kwa wakati mmoja, watu wazima wakaenda haraka bila kukimbia. Nilitangulia kwa kuwa sikuwa nimeshika sambusa. Nikamngoja kwenye korido.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni yule wa…"

"Wa programu ya mafaili, mzee."

"Ahaa! Inatusaidia sana ile. Juzi nimeitolea taarifa kwenye kikao."

"Nashukuru, mzee. Sasa lile dai letu…"

"Faili halijanifikia. Lingefika ningeliona."

"Mzee, mfumo unaonyesha liko kwako. Tangu kabla ya Ramadhani."

"Mfumo!" Akacheka, akanipiga begani kwa upendo kabisa. "Mfumo hauwezi kujua kila kitu, kijana. Andika barua ya kukumbushia, uipitishe masjala." Nyuma yangu nilisikia bahasha ya kaki ikipumua. Mkurugenzi akaanza kuondoka, halafu akarudi, akapunguza sauti. "Ila nimefurahi kukupata. Nina kijana, mtoto wa dada yangu, amemaliza mambo hayohayo ya kompyuta. Hebu mtafutie kiti hapo kwako."

"Mzee, hali ya ofisi kwa sasa, hasa upande wa pesa…"

"Hadai mshahara. Nauli tu. Nipe namba yako."

Nikampa. Usiku kucha hakuna mtu wa nyuma ya kamba aliyewahi kumwomba mmoja wetu namba.

Sikuwa hata nimefika getini kutafuta bajaji, simu ikalia. Wasifu wa kijana, kurasa nne, picha ya pasipoti, vyeti vyote vimeskaniwa na kugongwa muhuri wa wakili, na chini yake: "Thibitisha kupokea." Nilitamani kumjibu aipitishe masjala. Nikaandika: "Nimepokea, mzee. Aje Jumatatu."