Moshi wa Mayai

Katika nchi nyingine moshi ni dalili ya moto tu, na mtu auonapo ukipanda nyuma ya paa la jirani husema kimoyomoyo kwamba huko kunapikwa, akaendelea na shughuli zake. Walakini Mwakitolyo, ambako ardhi imetobolewa kwa maduara na kila kijana mwenye sururu anaamini kwamba riziki yake imelazwa chini ya nyayo zake ikimngoja, moshi ni ushuhuda, na kila ushuhuda hutaka mahakimu. Ukiwa mwembamba na wa kibuluu, ukatokea uani badala ya jikoni, na mwenye nyumba akaonekana amechutama kando yake kwa makini huku akifunika kitu kwa debe, basi hapana haja ya kuuliza: bwana huyo amepata dhahabu, naye anachoma zebaki ili imwachie kipande chake kabla watu hawajajua. Sheria inamtaka aipeleke sokoni, maana tangu 2019, lilipofunguliwa soko la madini la Geita na mengine yakafuatia, dhahabu ya mchimbaji mdogo ina mlango wake rasmi. Na afya inamtaka asikae karibu, kwa kuwa zebaki huchemka ikifika nyuzi 357, na mvuke wake huingia kifuani mwa mtu bila kubisha hodi. Lakini jirani auonaye moshi hafikirii sheria wala mapafu. Anafikiria uzito.

Nimeyatanguliza haya ili msomaji afahamu ni kwa sababu gani jambo lisilo na dhambi wala faida kubwa, yaani kuyatia moshi mayai ya kuchemsha, lilikaribia kuitisha mkutano wa hadhara katika kitongoji chetu.

Mayai yenyewe yalikuwa ya mpwa wa mke wangu, kijana ambaye kila siku hubeba ndoo akayatembeza maduarani na kwenye makarasha ya kusagia mawe, pamoja na kopo la chumvi iliyochanganywa na pilipili, akimmenyea kila mteja lake kwa ustadi ambao sijauona hata kwa madobi wakikunja nguo. Siku mawe yanapotoa, ndoo hurudi tupu. Siku mawe yanapogoma, wachimbaji humeza mate, nayo hurudi nzito kama ilivyoondoka. Na yai la kuchemsha, kinyume cha bichi, halina subira. Bichi Mola amelivika utando mwembamba juu ya ganda, unaoziba vile vitundu vidogo vidogo, maelfu kwa idadi, ambavyo kifaranga angepumulia. Maji ya moto huuharibu utando huo, na tangu hapo kila kitundu huwa mlango wazi kwa vijidudu vyote vya mkoa wa Shinyanga. Jokofu hatuna. Kula sisi wenyewe mayai ya jana asubuhi, mchana na usiku tulikwisha kujaribu, na nyumba ikawa haikaliki.

Mimi ni mtu wa pwani, niliyeletwa huku na ualimu nikabakishwa na ndoa, na kwetu sisi moshi ni ustaarabu: nguo hufukizwa udi, mitungi ya maji hufukizwa ubani, na bibi harusi hafiki kwa mumewe ila amepitishwa juu ya chetezo. Fauka ya hayo, katika kanda hii hii ya Ziwa hapana asiyejua samaki wa moshi. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, ana mafuta mengi mno hata hakaushiki juani kama walivyokaushika furu wa zamani, kwa hiyo ikalazimu abanikwe juu ya kuni. Na soko zima la Kahama hunukia hikima hiyo. Nikasema: ikiwa moshi umemfaa samaki mgeni, seuze yai la kuku wa kienyeji? Tena nilikwisha kusikia kwamba Wajapani huyauza madukani mayai ya namna hiyo, nao si watu wa kupoteza kuni bure. Sikudai kwamba moshi ungeyafufua yaliyokwisha kuharibika, kwani moshi hukausha na kutia ladha, haufanyi miujiza. Nilidai tu kwamba yai lililobaki jioni lingeweza kuliwa usiku ule ule kwa hamu mpya.

Suala la kwanza likawa kuni. Nchi hii zamani ilikuwa na mapori, hata serikali ya kikoloni, ikimwandama mbung'o aletaye malale, ikayafyeka kwa eneo kubwa, na Bwana Swynnerton na wasaidizi wake wakaifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mdudu huyo. Kisha pamba na mifugo vikaimalizia kazi iliyobaki, mpaka mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowarejesha Wasukuma kwenye ngitili zao, yale malisho yafungwayo kwa makubaliano ili nyasi na miti ipumzike hadi kiangazi. Kwa mtu mzima aliyewafundisha watoto wimbo wa kupanda miti, kwenda ngitilini na panga kwa ajili ya mayai lingekuwa jambo la fedheha. Nikamtuma kijana kwa seremala akaombe maranda.

Seremala alitoa gunia zima bila kudai senti, na ukarimu wa namna hiyo ungalipasa kutiliwa shaka. Maranda yalikuwa ya paina, mti wenye utomvu mwingi, na utomvu uunguapo hutoa masizi mazito. Tulipofunua debe mayai yalikuwa meusi tititi, yakinuka lami ya barabara mpya, na mbwa wa jirani, ambaye sijapata kumwona akikataa kitu tangu nihamie hapa, alilinusa moja akaondoka polepole kwa taadhima.

Safari iliyofuata kijana akatumia akili yake mwenyewe. Mwarobaini, alisema, umejaa kila ua, haufi kwa ukame, na matawi yake makavu ni ya bure. Hoja zote tatu zilikuwa sahihi. Mayai yakatoka na rangi ya kupendeza mno, hudhurungi ya kung'aa, hata nikamwita mke wangu kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Naye akatwaa moja, akauma, akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba alhamdulillahi, sasa tuna dawa ya malaria yenye kiini.

Na kabla ya moshi kuna kumenya. Yai lililotagwa leo likichemshwa leo hung'ang'ania ganda lake, kwa sababu hewa ukaa iliyomo ndani ya ute haijapata muda wa kutoka, ukamenya ukabaki na kitu chenye mashimo kama machimbo yenyewe. Lililokaa siku chache huvuka ganda bila ugomvi. Likishamenywa, shurti likauke ngozi, kwa kuwa moshi ukikuta majimaji hufanya michirizi ya uchungu. Tukayapanga juani juu ya wavu wa kuchekechea mchanga, kijana akawekwa mlinzi, mlinzi akapigiwa simu, na wale kuku waliotaga mayai hayo wakaja wakayala. Nimesoma vitabu vingi vya fasihi ya majonzi. Hakuna kilichonitayarisha kwa tamasha lile.

Mwishowe upepo wa usiku ukaangusha tawi la mkwaju lililokuwa limekufa zamani, pasipo mtu kulitia panga, na tukalikata vipande. Hapo kazi ikatengenea: makaa machache chini ya pipa lililokatwa, vipande vya mkwaju vilivyoloweshwa, wavu juu yake, debe limefunika yote, na moshi mwembamba wa kibuluu ukipenya pembeni. Ndiyo kusema, kwa macho ya Mwakitolyo, tulikuwa tumekamilisha sura nzima ya mtu anayechoma dhahabu kwa siri.

Aliyefika kwanza ni mtoto, akasimama kwenye uzio wa minyaa bila salamu. Mtoto akaleta mama, mama akaleta shoga yake, na baina yao rai zikagawanyika. Kwani wengine walishika la dhahabu, na wengine, waliopata kuona mayai yakiingia chini ya debe, walishika la uganga, nao walikuwa na hoja. Kuku katika Usukuma si kitoweo tu. Mganga wa kutazamia humpasua akasoma ndani yake khatima ya mgonjwa, na mwenye duara lililogoma haoni aibu kwenda kuuliza huko mwamba umekwenda wapi. Mwalimu wa pwani, moshi, mayai, magharibi: ukiyajumlisha hayo hupati chakula.

Halafu ikaingia pikipiki, na juu yake broka, mnunuzi mdogo ambaye mizani yake hukaa mfukoni kama wengine wawekavyo kitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba."

"Nimesikia harufu ya heri. Ni gramu ngapi?"

"Sina gramu. Nina mayai."

Akacheka kwa adabu, kama inavyompasa kijana kucheka mbele ya mzee anayeongopa. "Sawa, Mwalimu. Na hilo yai, uzito wake?"

Mimi, nikiwa mtu wa kujibu swali kama lilivyoulizwa, nikamwambia kwamba yai moja hufika gramu 40, pengine 50, na kwamba chini ya debe yapo ya kutosha. Broka alishika uzio kwa mikono miwili. Minyaa ina utomvu mbaya, lakini hakuusikia.

Ilikuwa ni wakati huo alipotokea mzee wa sungusungu, na upinde wake, na nyuma yake vijana wa zamu. Jeshi hilo la jadi lilizaliwa upande huu huu wa Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, na wazee wake hawana tabia ya kuuliza jambo kwa kuzungukazunguka.

"Mwadila, Mwalimu. Funua."

Nikafunua. Moshi ukatoka wote kwa pamoja, umati ukarudi nyuma hatua moja, kisha ukaja mbele hatua mbili. Juu ya wavu yalikuwapo mayai, safu kwa safu, ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hapana aliyesema neno. Mzee akaamuru moja lipasuliwe, kwa kuwa, alisema, si vigumu mtu kuficha kitu ndani ya kitu. Na kijana akalipasua kwa uzi, nusu kwa nusu, akaliinua kwenye mwanga wa tochi.

Kukizunguka kile kiini palikuwa na duara la kijani lenye weusi.

Minong'ono ikaanza upya, na nadhani pangalikuwa na kadhia kama asingalikuwapo mchimbaji mmoja wa siku nyingi, mtu wa Mwakitolyo Namba Tano, aliyesogea akalitazama lile duara kwa jicho la kazi. "Hii salfaidi," akasema. Nami, kwa furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi uzeeni, nikathibitisha kwamba hasa ndiyo: yai likichemka kupita kiasi, salfa iliyo katika ute hukutana na chuma kilicho katika kiini, vikafunga ndoa pale mpakani, na mtoto wao ni huo ukijani; na kwamba chuma na salfa hizo hizo ndizo zifanyazo lile jiwe la manjano linalometameta maduarani na kuwapa wageni kiharusi cha bure. Nikaendelea mbele kidogo, kwa sababu hadhira ya namna ile haipatikani kila jioni, nikawaeleza kwamba dhahabu yetu imelala katika mkanda wa miamba ya kijani wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kwa hiyo kuona mkanda wa kijani umeizunguka mali si ajabu. Wachimbaji walitikisa vichwa. Broka alikuwa bado anaangalia ile sehemu ya manjano.

Mzee wa sungusungu alitwaa nusu yake, akaila, akaomba chumvi, akaila na nusu ya pili. "Kosa silioni," akatamka, "lakini upelelezi haujesha." Akachukua zima. Vijana wa zamu nao wakapeleleza, mmoja mmoja kwa utaratibu, na wavu ulikuwa mweupe kabla mwadhini wa isha hajatoa sauti, isipokuwa machache ambayo mke wangu aliyawahi kwa bakuli.

Mtu mmoja tu hakusogea uani muda wote huo, naye ni mama mkwe. Hakaribii moshi usio wa lazima, na hapo hapana mzaha: katika kanda hii ajuza wengi waliozeeka mbele ya moto wa mabua na kinyesi cha ng'ombe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, pasipo ithibati nyingine ila macho mekundu waliyopewa na moshi wa kuwapikia watu wao. Zaidi ya hayo, sisi wawili tunatunza adabu ya mkwe na mkwewe, hatuli sahani moja wala hatujibizani ana kwa ana. Neno lake likinihusu hupitia kwa mtoto, hata nikiwa nimeketi mahali ninapolisikia vizuri kabisa.

Yale machache ya bakulini aliyachukua akayatia katika mchuzi wa karanga, kama wafanyavyo huku kwa samaki wa moshi, akasonga ugali wa mtama. Na sina budi kusema kwamba yote niliyoyafanya kwa pipa, wavu na elimu yalikuwa ni matayarisho tu ya sufuria ile. Nilikuwa nikiramba kidole mtoto alipotumwa.

"Babu, bibi anauliza."

"Anauliza nini?"

"Yale ya mwarobaini yamebaki? Anasema ana homa."