Bofya Hapa, Bofya Pale

Ukitaka kuwaona wahadhiri wakiwahi, tangaza semina ya teknolojia yenye posho. Saa mbili kasoro ukumbi ulishajaa, hata wale ambao kipindi chao cha saa mbili huanza saa tatu.

Mwezeshaji, kijana wa watu, akatuamkia, "Shikamooni wazee wangu," kisha akatuomba tufungue Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni. Asubuhi ikaishia hapo. Nani anakumbuka nywila? Profesa aliyekaa jirani yangu aliiandika kwenye daftari, na daftari liko nyumbani. Akampigia mkewe, na kwa kuwa masikio yake yameshachoka, akaweka simu kwenye spika. "Baba Neema, hii A ni kubwa au ndogo?" Ukumbi mzima ukaandika. Sasa nywila hiyo ni mali ya idara.

Jamani, Moodle si mgeni. Martin Dougiamas wa Australia aliitoa mwaka 2002, na ni ya bure. Kwetu imebaki kuwa kabati la madesa: mhadhiri anapakia noti zilizoskaniwa kwa kupinda, anatoka akitamba kwamba anafundisha kidijitali. Na semina zenyewe ndizo zinazotufikisha huko. Bofya hapa, bofya pale, hifadhi. Mwalimu wa mifugo, wa uhasibu na wa fasihi wote kitufe kilekile. Hakuna anayeulizwa wanafunzi wake hukwama wapi.

Baada ya chai akasimama dokta mmoja wa takwimu, mama asiye na maneno mengi. Akasema yeye huweka swali moja tu kwenye mfumo usiku, wanafunzi wanalijibu kwa simu, wala halili bando. Akatuonyesha la wiki ile: ofisi ina watumishi tisa wa laki nne nne na bosi mmoja wa milioni nne, je, mtumishi wa kawaida hapo analipwa kiasi gani? Wengi walijibu 760,000. Hesabu ya wastani haina kosa, ila hakuna hata mmoja ofisini anayepokea hela hiyo! Basi asubuhi hakuhutubia. Aliwapanga wawiliwawili wakabishana, wakajibu upya, naye akafundisha palepale walipojikwaa.

Kubishanisha wanafunzi hivyo si jambo la jana. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, alianza mwaka 1991, simu janja hata ndotoni hazipo. Mama huyu simu imemwongezea kitu kimoja, ila kikubwa: anajua nani kapotea kabla hajashika chaki.

Mikono ikainuka kila kona. Hata Profesa wa nywila alitaka kujua kama jambo hilo linafaa kwenye sheria. Mwezeshaji akatazama saa. "Wazee wangu, muda umetubana, twende kwenye kubadili rangi ya ukurasa." Tukaenda. Ukurasa wangu sasa ni wa zambarau.

Waandaaji, nawaomba: semina ijayo mpeni mama huyu ukumbi kutwa nzima, na kila mhadhiri aje na mada moja inayowashinda wanafunzi wake. Rangi tutajichagulia wenyewe nyumbani.