Namna ya Kumjibu Mwenye Maswali Bila Kumjibu

Mwongozo huu ni wa walimu wa kipaimara, wazee wa kanisa na yeyote aliyewahi kukabidhiwa vijana, ubao na chaki siku ya Jumamosi. Katika kila darasa yupo mmoja anayekaa nyuma karibu na dirisha. Wenzake wamekariri mistari waliyopewa. Yeye amesoma na ile ambayo hakupewa. Huyo ndiye wa kuchungwa.

Anza na silaha nyepesi. Akiuliza mke wa Kaini alitoka wapi, mkazie macho: "Kijana, asubuhi umesali?" Ajibu ndiyo au hapana, Kaini ameshasahaulika. Akirudia, sema alimwoa dada yake. Jibu hilo lina heshima zake: Augustino wa Hippo alilitoa katika Mji wa Mungu, kwamba watu walikuwa wachache na ndugu hawakuwa na wengine wa kuoa. Ila ukishalisema, ruka haraka kabla hajafunua Walawi 18 inayokataza jambo hilo. William Jennings Bryan, aliyegombea urais wa Marekani mara tatu, hakuhangaika hata na huyo dada. Mwaka 1925 huko Dayton, Tennessee, katika kesi ya mwalimu aliyeshtakiwa kwa kufundisha kwamba mtu ametokana na wanyama, wakili Clarence Darrow alimwuliza habari za mwanamke huyo. Bryan akajibu kwamba kazi ya kumtafuta anawaachia wasioamini.

Kwa kifo cha Yuda utahitaji kamba. Mathayo anasema alijinyonga. Matendo ya Mitume inasema alianguka, akapasuka, matumbo yakamtoka. Fundisha kwamba alijinyonga kwanza, kisha kamba ikakatika. Kamba ya kukatika haimo kwa Mathayo wala katika Matendo, umeinunua mwenyewe njiani, lakini imeshawaokoa walimu wengi. Wala usione haya. Samweli wa Pili 21 inasema Elhanani ndiye aliyemwua Goliathi, na mwandishi wa Mambo ya Nyakati, alipofika hapo, akaandika kwamba aliyeuawa ni ndugu yake Goliathi. Ufundi huu umeanzia ndani ya Biblia yenyewe.

Sungura ni mtihani mwingine. Walawi 11 inasema anacheua, na daima kuna kijana anayefuga sungura kwao. Mwambie sungura hula tena kinyesi chake kilicho laini, jambo ambalo ni kweli. Kisha ongeza kwamba huko ndiko kucheua, na uombe daktari wa mifugo asiwe anapita nje.

Ziko silaha za akiba: "Hayo ni mafumbo." "Akili za kibinadamu hazifiki huko." "Tumwombee ndugu yetu, anapita kipindi kigumu." Hii ya mwisho ina nguvu ya ajabu, maana wote wakishafumba macho hakuna atakayeuona mkono wake ungali juu.

Lakini lolote ufanyalo, usijaribu kulifikiria swali lenyewe. Yaliyompata John William Colenso yawe onyo. Alikuwa askofu wa Kianglikana wa Natal, na kabla ya uaskofu alifundisha hesabu na kuandika vitabu vya hesabu. Hapo tu waliomteua wangeshtuka. Alipokuwa akitafsiri Biblia kwa Kizulu, msaidizi wake William Ngidi alimwuliza kama ni kweli wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, waliingia safinani wawili wawili, na kama Nuhu aliwakusanyia chakula wote, hata ndege walao nyama. Askofu mwenye uzoefu angemwuliza Ngidi kama amesali. Colenso akaona hawezi kumjibu Mzulu jambo ambalo yeye mwenyewe halisadiki, akachukua kalamu akaanza kupiga hesabu. Huko jangwani wanaume wa Israeli zaidi ya 600,000 wameitwa, kusanyiko lote, mlangoni pa hema la kukutania lenye ua wa dhiraa 100 kwa 50. Hata ungewajaza uani, kila dhiraa ya mraba ingebeba watu kama 120. Kitabu chake kilianza kutoka mwaka 1862. Mwaka uliofuata askofu wa Cape Town, Robert Gray, aliyejiona yuko juu yake, akamhukumu kuvuliwa uaskofu. Mahakama ya London ikasema Gray hana mamlaka hayo, kanisa la Natal likagawanyika, na wenzake Uingereza wakacheka kwamba askofu aliyekwenda kuwaongoa Wazulu ameongolewa na Mzulu. Yote hayo yalitokana na msaidizi aliyeuliza kwa adabu.

Augustino naye si wa kuigwa kila mahali. Katika Maungamo anagusia swali la Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba mbingu na nchi. Lilikuwepo jibu tayari, tamu, la kumnyamazisha mtu: alikuwa akiwaandalia jehanamu wadadisi. Augustino akalikataa, akasema afadhali aseme hajui. Mtu aliyepewa nafasi ya namna hiyo akaitupa! Darasani ukisema hujui, vijana watadhani wanaruhusiwa kuendelea.

Tena yule kijana wa dirishani usimpachike jina la Tomaso mbele ya wenzake. Atafungua Yohana 20 na kukuta kwamba Tomaso aligoma kuamini, hakufukuzwa, na baada ya siku nane akaonyeshwa makovu. Jumamosi ijayo atakuja mapema, akae mbele.