Sifa za Mlalamishi wa Mbele ya Runinga

Agosti ya mwaka 2025 kila mtu alisifiwa. Wachezaji wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walisifiwa, wakaahidiwa na Rais shilingi milioni moja kila mmoja kwa kila mechi watakayoshinda. Kocha Benni McCarthy alisifiwa kwa kuongoza timu iliyoshiriki CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa mara ya kwanza hadi ikamaliza kileleni mwa kundi lenye Morocco, Angola, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mashabiki wa uwanja wa Kasarani walisifiwa kwa nyimbo na kwa makoo yao. Aliyesahauliwa ni mmoja tu, naye alifanya kazi mwezi mzima bila posho, bila jezi na bila kuinuka kwenye benchi. Huyo ni mlalamishi wa mbele ya runinga, mkazi wa Eastlands, Nairobi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Huhitaji kuelekezwa kwake. Ingia ukumbi wowote wa mpira Kayole, Dandora, Umoja au Huruma, ule wa mabati, wenye mabenchi ya mbao na runinga iliyofungiwa ndani ya kizimba cha chuma kama mshukiwa. Yeye yuko benchi la pili. La kwanza ni la watoto, la tatu liko mbali mno na mwenye rimoti. Amelipa hamsini zake mlangoni, na kabla timu hazijatoka kwenye vyumba vya kubadilishia nguo ameshaanza: “Sasa hii picha mbona ni ya kijani hivi? Hao ni wachezaji ama ni sukuma wiki?” Mwenye ukumbi anamjibu bila kugeuka: “Buda, umelipa kiingilio, hujanunua hisa.” Watu wanacheka. Yeye hacheki. Mtu mwenye wito hacheki kazini.

Wengine watamwona msumbufu. Mimi naona ukoo mtukufu. Agosti ya 1987, Michezo ya Afrika ilipofanyika Kasarani katika uwanja uliokuwa bado unanukia rangi, watangulizi wake walikuwa Jericho, Maringo, Bahati na Kaloleni, watu ishirini mbele ya runinga moja ya mwenye nacho. Ndio walioanzisha ile desturi ya kuzima sauti ya runinga na kufungulia redio, kwa kuwa macho yalikuwa ya runinga ya Sauti ya Kenya lakini masikio hayakubali mtangazaji asiyejua kupandisha pumzi. Harambee Stars ilifika fainali, ikafungwa na Misri bao moja kwa bila. Wajukuu wa wazee wale bado wanasimuliwa makosa ya refa.

Na mlezi wao alikuwa nani kama si Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025? Wengi walimjua kwa kutangaza mpira. Lakini kwa miongo mingi mtu huyohuyo alituuliza redioni swali moja tu: je, huu ni ungwana? Mlalamishi wetu analiuliza bado. Kamera inapouacha mpira winga akiwa anakata kuingia ndani, ikaenda kutuonyesha mheshimiwa akifuta miwani kwenye viti vya wakubwa, je, huu ni ungwana? Tangazo la mikopo ya simu linapokatiza wimbo wa taifa, je, huu ni ungwana? Mchambuzi aliyevaa suti ya bluu anaposema kwamba timu itakayofunga mabao mengi ndiyo itakayoshinda, akalipwa kwa kusema hivyo, jamani?

Tuje kwenye uvumilivu wake. Sherehe za ufunguzi na za kufunga mashindano hazina mtazamaji mwingine duniani. Zinapoanza, ukumbi mzima hutoka nje kununua mutura na smocha, wengine wakavuta hewa, wengine wakatafuta chaji. Anayebaki ndani na wacheza ngoma ni yeye pekee, na anabaki kwa sababu hawapendi. Kamati zinazotumia mamilioni ya dola kwa fataki zingejua hilo, zingemtumia kadi ya mwaliko.

Julai 26, 2024, Paris ilifungua Olimpiki yake juu ya mto Seine, mvua ikinyesha kana kwamba imelipwa. Ilianza saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu, na saa sita ikapita bado watu wanapanda na kushuka mashua. Nani Eastlands alikesha? Yeye. Alikaa akingoja mashua yenye Ferdinand Omanyala na Triza Atuka wakiwa wamebeba bendera yetu, na ilipotokea ikapita upesi kama matatu iliyokwishajaa. “Ndiyo hiyo? Nimekaa hapa tangu jioni nione mwavuli?” Lakini sikilizeni faida ya kukesha. Waliolala hawakusikia Wakorea wa Kusini wakitangazwa kwa jina la Korea Kaskazini, wala hawakuona bendera ya Olimpiki ikipandishwa kichwa chini, miguu juu. Yeye aliona. Asubuhi alikwenda kibandani kwa chai akiwa na habari kamili, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, dunia nzima ilikubaliana naye.

Si kwamba hana mapendekezo. Ana sherehe yake kichwani, imekamilika, inasubiri bajeti tu. Amechoka, anasema, kuona kila ufunguzi wa Afrika ukianza na simba, jua linalozama na morani wanaoruka. “Simba nimemwonea wapi mimi? Mimi nimezaliwa Makadara.” Kwake wachezaji wangeingia kwa matatu za Jogoo Road, zenye michoro, taa za zambarau na makanga wakining’inia mlangoni. Bendera zingebebwa na vijana wa Koth Biro wa pale Ziwani na wale wa Camp Toyoyo pale Jericho, maana hao wamecheza mashindano miaka na mikaka kwenye vumbi bila fataki hata moja. Hotuba ingekuwa moja, ya dakika mbili, na mhutubu angesomewa saa na mama mboga. Niambieni ni wapi mmesikia mpango bora kuliko huo.

Sasa nifike kwenye fadhila yake kuu, ambayo hata majirani zake hawajaitambua, wala yeye mwenyewe.

Zamani za analogia, bao lilifungwa kote kwa wakati mmoja. Buruburu na Kariobangi zililipuka kwa pamoja. Kenya ilipohamia dijitali mwaka 2015, kila ukuta ulipata saa yake. Picha inabanwa, inatumwa, inafumuliwa, na kila hatua inakula muda. Mwenye dishi husubiri picha ipande hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, kisha ishuke. Mwenye king’amuzi cha antena mara nyingi humtangulia. Redio ya fundi viatu huwatangulia wote, na kijana anayetazama kwa bando la simu hujua matokeo jirani zake wakiwa wameshaanza kuyasahau. Ndiyo maana katika fleti za Eastlands, zilizosongamana hadi mtu anasikia jirani akikoroga chai, hakuna adui wa mpira kama shangwe ya ghorofa ya pili.

Agosti 22, 2025, robo fainali ya CHAN. Kenya na Madagascar zimetoka 1–1, dakika 120 zimekwisha, ni penalti. Kwenye ukumbi wenye dishi watu wameshikana mabega. Mpigaji bado anauweka mpira chini. Nje, kutoka jengo la antena ng’ambo ya barabara, kunaanza kusikika kitu, ule mguno mrefu wa watu wengi wanaotoa pumzi kwa pamoja. Na wakati huohuo, benchi la pili: “Lakini angalieni hii kamera! Kwa nini anatuonyesha mgongo? Mimi nataka kuona miguu! Mtu anapiga penalti kwa mgongo? Nani amempa huyu mtu kazi?” Wakamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Na kwa sababu hakunyamaza, hakuna aliyeusikia mguno. Kwa sekunde chache ambazo jengo la ng’ambo lilikuwa limeshalia, ukumbi ule wa mabati ulikuwa bado ndani ya mashindano. Kenya ilitolewa kwa penalti 4–3 kila mahali Nairobi, ila pale ilichelewa kidogo kutolewa. Daktari gani, kasisi gani amewahi kuwapa watu hamsini sekunde za matumaini kwa mpigo, tena bila kutoza ada?

Wanaombeza husema kelele za chura hazimzuii ng’ombe kunywa maji. Ni kweli. CAF, shirikisho la soka la Afrika, haijawahi kusimamisha sherehe kwa sababu ya mtu wa Kayole. Lakini ng’ombe akishakunywa huenda zake, na anayebaki kisimani akijua maji yalivyochafuliwa ni chura. Tena kuna ng’ombe waliokataa hata kuja. Tulipewa Kombe la Afrika la 1996, likaishia Afrika Kusini. Tulipewa CHAN ya 2018, tukanyang’anywa Septemba 2017 kwa kutokuwa tayari, ikaenda Morocco. Viongozi wa nyakati hizo walikuja wakaondoka. Mlalamishi alibaki benchi la pili, akitazama Wamorocco wakicheza kwenye nyasi zao mashindano yaliyokuwa yetu, na akatoa taarifa ya kamati ya uchunguzi kwa mdomo, bure, tena siku hiyohiyo.

Wengine humwita mpinga taifa. Hao hawakuwepo usiku wa Agosti 5, 2024, Beatrice Chebet alipotwaa dhahabu ya mita 5,000 na Faith Kipyegon fedha, kisha ikatangazwa kwamba Kipyegon ameenguliwa kwa kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia. Wazalendo wa kawaida waliinamisha vichwa, wakasema sheria ni sheria. Mlalamishi alisimama. Alitaka marudio. Alitaka pembe nyingine ya kamera. Alieleza nani alimsukuma nani kwanza, akitumia viti viwili na kijana mmoja asiyependa kusukumwa. Rufaa ikakatwa huko Paris, na usiku uleule Kipyegon akarudishiwa fedha yake. Hadi leo hakuna atakayemshawishi kwamba majaji hawakumsikia.

Kuhusu CHAN ile ya Agosti 2025, hebu tazameni adabu yake. Baada ya vurugu za mechi ya Morocco kwenye malango ya Kasarani, CAF ilipunguza watazamaji wa mechi za Kenya hadi 27,000, tena wenye tiketi za elektroniki tu. Mtu anayeishi safari ya matatu moja kutoka uwanjani akabaki kuutazama kama ulio Doha. Angeweza kususia. Hakususia. Alirudi, akalipa hamsini, na akautazama uwanja wa jirani yake kwa picha iliyopitia angani kwanza. Hata Kenya ilipokwisha kutolewa, Agosti 30 alikuwa mahali pake kwa sherehe za kufunga na fainali. Morocco na Madagascar zilituandalia mabao matano, na la mwisho, lile la Oussama Lamlioui alilolipiga kutoka mbali kipa akiwa ametoka langoni, liliamua mechi 3–2. Ukumbi mzima ulisimama. Yeye alibaki ameketi, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli: “Bao kama hilo, na kamera ilikuwa imelala.”

Kwa hiyo ninaleta ombi kwa wanaoandaa Kombe la Afrika la 2027, litakalokuwa letu pamoja na Tanzania na Uganda. Mtagawa tiketi za heshima kwa mabalozi, kwa wafadhili na kwa jamaa za jamaa zenu. Tafadhalini, msimpe mlalamishi wetu hata moja. Ndani ya uwanja hakuna mtangazaji wa kumkosoa, hakuna matangazo ya mikopo, hakuna mtu wa kamera wa kumlaumu. Bao litamfikia likiwa bichi, wakati mmoja na mheshimiwa. Ataimba. Atamkumbatia mtu asiyemjua. Atarudi mtaani usiku ameridhika, na akiulizwa ilikuwaje atasema ilikuwa nzuri tu, akaenda kulala. Na sisi wengine, tulio kwenye mabati na dishi letu linalochelewa, nani atatufunikia kilio cha jengo la ng’ambo?