Boliti Nne Tu

Siku ya kwanza nilidhani ni barabara. Nilikuwa nimempakia mama mkwe, tumekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, gari likaanza kututetemesha mpaka mkoba wake ukateremka wenyewe kutoka kitini.

"Mwanangu, gari hili lina nini?"

"Barabara tu mama, mbovu."

Akachungulia dirishani, kisha akanitazama. Tulikuwa tumesimama.

Fundi wangu alisikiliza mngurumo kwenye simu, akasema linamisi. Kumisi, kwa wasio na gari na raha zao, ni pale silinda moja inapogoma na zile tatu zikaendelea kuibeba, kama vikundi vya kazi ninavyowapangia wanafunzi wangu. Alitaka shilingi 20,000 za ufundi, plagi ninunue mwenyewe. Nikapiga hesabu. IST yangu ya mwaka 2004 ina plagi nne, kila plagi imekaliwa na koili yake, na kila koili imeshikwa na boliti moja ya spana namba 10. Boliti nne tu! Mimi nafundisha fizikia. Nimewachorea watoto wa watu koili ubaoni miaka na miaka, nikiwaeleza jinsi volti 12 za betri zinavyopandishwa kupita 20,000 ili cheche iruke pengo la milimita 1.1. Leo nimlipe mtu anifungulie boliti nne?

Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Gerezani. Muuzaji akaniuliza swali moja: "Mwalimu, unataka orijino, au orijino yenyewe?" Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu. Nikasema yenyewe, nikalipa bei yenyewe.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikafungua boneti. Ukitaka kujua una majirani wangapi, fungua boneti. Mzee wa nyumba ya pili, dereva mstaafu wa malori ya Tunduma, alikuja na kiti chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umelizima saa ngapi?"

"Sasa hivi, nimetoka kununua mkate."

"Basi keti."

Alikuwa na haki. Hedi ya injini ni ya aluminiamu. Ukiing'oa plagi ingali ya moto, unaweza kutoka nayo pamoja na meno ya hedi, na hapo shilingi 20,000 utazikumbuka kwa machozi. Tukaketi saa nzima, nikasikiliza safari zote za Tunduma, na nyingine mara mbili.

Injini ilipopoa nikaanza. Kila koili ina soketi ya nyaya, na soketi ina kilimi cha plastiki unachobonyeza kabla ya kuivuta. Kilimi cha gari jipya hubonyea. Kilimi kilichookwa juu ya injini miaka 20 huvunjika, kwa sauti ndogo kama ganda la karanga.

"Moja," akasema mzee.

Nilidhani anahesabu koili. Kilipovunjika cha pili akasema, "Mbili," nikaelewa anachohesabu.

Koili zikatoka zote, nyeusi, ndefu, kila moja kama rungu la mtoto. Plagi ndizo zilizokuwa na maneno. Zimezama kwenye mashimo marefu kuliko kiganja, na zinataka boksi spana namba 16 yenye mpira ndani wa kuikamata plagi. Niliyoazima haikuwa na mpira. Plagi ikalegea vizuri, ikazunguka vizuri, ikabaki chini vizuri. Nikaingiza koleo, halikufika. Nikanyoosha waya wa kutundikia nguo, ukafika, ukaikuna plagi, ukarudi peke yake. Nikaingiza kidole. Sitaki kuzungumzia kidole.

Mama watoto alikuwa anaanika nguo. Akasema bila kugeuka, "Si uitoe na hicho kirungu? Si ndicho kilichokuwa kimeishika?"

Kweli, koili ina mpira mrefu chini yake, nao huing'ang'ania kichwa cha plagi. Nikairudisha shimoni, nikakandamiza, nikavuta. Plagi ikatoka kama muhogo kwenye kichanga. Watazamaji walipiga makofi, na hawakunipigia mimi.

Plagi tatu zilikuwa na rangi ya biskuti, ncha zimelika kiuzee, hazina shaka. Ya silinda ya pili ilikuwa nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Mtu anayefikiri angejiuliza: mbona hii petroli haikuungua? Mimi niliifuta kwa kitambaa, nikaiweka pembeni na wenzake, nikafunga mpya. Angalau nilianza kuzikaza kwa mkono, taratibu, kama mzee alivyoagiza. Vilimi viwili vilivyovunjika nikavifunga kwa tepu nyeusi. Ikabaki boliti ya mwisho. Ikateleza.

Ting. Ting. Kimya.

"Tatu," akasema mzee.

Nikawasha. Gari likatetemeka vilevile, ila sasa kwa plagi mpya.

Hapo mzee akainuka kwenye kiti kwa mara ya kwanza. "Toa koili ya pili uipeleke ya nne, ya nne ije ya pili. Ugonjwa ukihama, umempata mgonjwa." Kijana wa jirani akachomeka kifaa chake chini ya usukani, simu ikaandika P0302: silinda ya pili inamisi. Akafuta, tukabadilisha koili, tukawasha. P0304. Ugonjwa ulikuwa umehama na mizigo yake.

Badilisha kitu kimoja, acha vingine vilivyo, tazama kinachotokea. Huwa nafundisha hivyo kila Januari, wiki ya kwanza, kwa sauti kubwa.

Bodaboda kwenda Kariakoo, bodaboda kurudi. Koili moja ilinila kuliko plagi zote nne. Nilifika nimesahau boliti, nikarudi kuitafuta mtaani, gereji ya jirani ikaniuzia moja kwa 500 kwa huruma. Nikafunga, nikawasha, bado likatetemeka. Nusura niliuze palepale. Mzee akanyoosha fimbo yake akaisukuma soketi ya koili mpya: ka! Ilikuwa haijaingia mpaka mwisho. Injini ikatulia, mpaka tukasikia redio ya nyumba ya tatu.

Kwa wanaopenda hesabu: nilikwepa ufundi wa 20,000 kwa 34,000, ukijumlisha bodaboda, tepu, na wali maharage wa watazamaji watatu ambao saa saba mchana hawakuonyesha dalili ya kwenda kwao. Koili siihesabu, hiyo ningeinunua tu.

Gari sasa halitetemeki, na mama mkwe amekubali kulipanda tena, mkoba akiwa ameupakata. Ila ile boliti iliyoteleza ingali humo, mahali fulani kati ya injini na kava la chini. Nikipita tuta la pale shuleni inagonga mara mbili. Mwenye sumaku ya mkono mrefu naomba aniazime. Ya maabara yetu ni fupi, nimeshaijaribu.