Mgeni Mpe Jembe Siku ya Kwanza: Waraka kutoka Bangkok

Kwa Baba Mkubwa, Shangazi, Mjomba na jamaa zetu wote wa Bungu, wakubwa kwa wadogo.

 Mimi ni buheri wa afya, wala sina dhiki ila hii ya joto, ambalo katika mji huu halijui mchana wala usiku, hata nikiwahadithia wenyeji kwamba kwetu, juu ya Korogwe, mtu hulala na blanketi mbili na alfajiri akafungua mlango asiione njia kwa ukungu, hunitazama kwa huruma, kama mtu aliyezidiwa na homa. Dhumuni la waraka huu ni kuwapa habari za watu wetu waliozuru huku, maana najua wamekwisha kurejea na kila mmoja amesimulia lake, na yule mwenye suruali ya picha za tembo bila shaka amewaambia kwamba alitunukiwa na mfalme.

Kisa chenyewe ni hiki. Mara mbili kila mwaka, aghalabu mwezi wa pili na mwezi wa tisa, hufanyika hapa Bangkok maonyesho makubwa ya vito, katika jumba la mikutano lenye jina la Malkia Sirikit, na safari hii lilikuja kundi la wafanyabiashara wa kwetu, wa Korogwe, Handeni na Tanga mjini, nami nikaombwa niwe mkalimani na kiongozi wao, kwa ujira ambao adabu inanizuia kuutaja. Msidhani kwamba walipotea njia. Mawe ya rangi ya bonde la Umba, na yale ya Kalalani ambayo ni ya wilaya yetu wenyewe ya Korogwe, na ya Tunduru, Songea na Mahenge, mengi yake hupita katika nchi hii. Huja ghafi, yakachomwa tanurini ili rangi itakate, yakakatwa, yakasuguliwa, kisha yakaondoka na bei isiyotambuana kabisa na ile aliyolipwa mchimbaji. Watu wetu, basi, walikuja na nia moja ya kuuza na kununua, na kila mmoja alikuwa na daftari lake. Walakini ratiba waliyokabidhiwa uwanja wa ndege ilikuwa na biashara asubuhi tu, na saa zote zilizosalia zilijazwa mahekalu, mashua, jiko, tembo na kukandwa mwili.

Hiyo, jamaa zangu, ndiyo desturi mpya ya safari za kibiashara. Zamani msafara wa matajiri ulitosheka na chumba cha mkutano, karamu ya jioni, na wachezaji jukwaani ambao wageni waliwatazama huku wakipiga miayo. Siku hizi mgeni hataki kutazama, anataka kutenda, na Wathai, ambao tangu mwaka 2002 wana idara ya serikali ya kushughulikia mikutano na maonyesho peke yake, wamelifahamu jambo hilo mapema kuliko wengi. Mwaka 2019 nchi hii ilipokea wageni karibu milioni 40. Wala hawakuridhika na wingi huo, bali wamekuwa wakizipeleka mila zao UNESCO, moja baada ya moja, zikaandikwe katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika: mwaka 2018 mchezo wa khon wa vinyago, mwaka 2019 ufundi wa kukanda mwili, mwaka 2023 sikukuu ya Songkran ya kumwagiana maji, na mwaka 2024 supu ya kamba iitwayo tom yum kung. Mjomba, hebu tafakari: taifa zima limekwenda mbele ya walimwengu na bakuli la supu, likarejea na cheti.

Siku ya kwanza tulizuru Kasri Kuu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1782, pale mfalme wa kwanza wa ukoo wa Chakri alipohamishia makao yake ng'ambo hii ya mto Chao Phraya. Ni mahali pa taadhima: mabega na magoti sharti yasitiriwe, na viatu huvuliwa kabla ya kuingia hekaluni. Akina mama wetu walipita na kanga zao bila ya kuulizwa neno, lakini kijana mmoja wa Handeni, aliyekuja na kaptura kwa kuwa alisikia Bangkok ni joto, alirudishwa mlangoni, akavuka barabara, akanunua suruali pana ya kitambaa chepesi iliyojaa picha za tembo, na akaipenda hata akaivaa kesho yake kwenye maonyesho, mbele ya matajiri waliofunga tai. Ndani ya hekalu la kasri hilo, juu kabisa ya kiti cha dhahabu, imekaa sanamu iitwayo Buddha wa Zumaridi, yenye kimo cha sentimita 66, na mfalme mwenyewe huibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka kwa kufuata majira. Mzee mmoja wa kundi letu, mwenyeji wa Kalalani, aliikazia macho, kisha akaninong'oneza kwamba ile si zumaridi. Na kweli si zumaridi, ni jiwe la kijani la aina nyingine. Nami nikamsihi asije akataja bei.

Mzee huyo ndiye aliyenipa la kuandika. Tulipokuwa tukielekea hekalu la Wat Pho, alitujia mtu nadhifu, mwenye kalamu mfukoni, akatuarifu kwa masikitiko kwamba hekalu limefungwa leo kwa ajili ya ibada, ila kwa bahati njema leo hii ni siku ya mwisho ya mnada wa serikali wa yakuti, na bajaji iko tayari kutupeleka. Hila hii ni kongwe na mashuhuri katika mji huu, nami nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nimfukuze, lakini Mzee akanishika mkono akasema, "Mwanangu, twende tukaone." Dukani tukawekewa juu ya kitambaa cheupe jiwe la buluu iliyokolea, zuri la kupendeza. Mzee akatoa kilenzi chake, akalisogeza jiwe kwenye taa, akaligeuza polepole, kisha akanipa nami nitazame: mlikuwa na mistari iliyopinda, na viputo vidogo vya hewa, ambayo ni alama ya jiwe lililopikwa kiwandani, kwa kuwa mistari ya yakuti iliyotoka ardhini hunyooka na kukutana kwa pembe. Hakugomba, wala hakupandisha sauti. Alifungua kikaratasi chake mwenyewe, akamimina juu ya kitambaa kile kile mawe ya Umba, ya rangi ya chai, ya zambarau na ya machungwa, akaniagiza nimwambie mwenye duka, kwa heshima zote, kwamba haya nayo ni ya mnada wa serikali, na siku ya mwisho ni leo. Yule bwana alimtazama Mzee, akayatazama mawe, akaangua kicheko, akaagiza chai. Na baada ya kupatana kwa muda mrefu akanunua mawili kwa fedha taslimu. Tulipotoka tukaenda Wat Pho, tukalikuta wazi, na yule Buddha aliyelala, mwenye urefu wa mita 46, hana habari ya ibada yoyote iliyofunga mlango.

Papo hapo Wat Pho ipo skuli mashuhuri ya ufundi wa kukanda, na humo mfanyabiashara wa mkonge kutoka Tanga, pandikizi la mtu, alikabidhiwa kwa bibi mwembamba asiyefika begani kwake, aliyempandia mgongoni kwa magoti na kumkunja kiungo kwa kiungo, hata tukamsikia kutoka nje akiyataja madeni yote anayodaiwa. Alilipa, akashukuru, na akaomba nafasi ya kesho.

Lakini lililonishangaza zaidi ni jiko. Wageni walipelekwa katika nyumba ya mafunzo ya mapishi, kila mmoja akapewa kinu na mchi atwange pilipili, vitunguu na mchaichai, na kwa kazi hiyo wakatozwa fedha. Mama mmoja wa Korogwe, ambaye ametwanga tangu hajaota meno ya pili, alimaliza kabla mwalimu hajamaliza maelezo, akaanza kuwasahihisha wengine namna ya kushika mchi, na mwisho akapewa cheti chenye mhuri. Siku iliyofuata tulikwenda kulisha tembo ndizi na kuwaogesha, maana kuwapanda kumeanza kuchukiza watu. Yule kijana wa Handeni akauliza kwa nini alipe kumlisha tembo, ilhali kwao tembo hujilisha mahindi yake bila ya kumwomba ruhusa. Na wako wageni wa makampuni makubwa wanaopelekwa mashambani, wakakunja suruali, wakapandikiza mpunga topeni kwa malipo yao wenyewe. Waambieni wakulima wa mpunga wa Mombo, hawatasadiki.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wathai wamekuwa werevu zaidi: wanampa jembe siku ya kwanza, wanamtoza fedha za kulimia, kisha wanampiga picha akilima.

Wala ukarimu huu wa kuwashika wafanyabiashara haukuanza jana. Mwanzoni mwa karne ya 17 alifika Ayutthaya, mji mkuu wao wa zamani, tajiri mmoja Mwajemi kutoka Qom, jina lake Sheikh Ahmad. Alipokewa, akafanya biashara, akawa mwenye madaraka katika mambo ya biashara ya mfalme, na akawa wa kwanza katika cheo cha Chularatchamontri, yaani mkuu wa Waislamu wa nchi hii, ambacho kipo hata leo. Ijumaa tuliyoswali katika msikiti wa Haroon, si mbali na mitaa ya vito ya Silom, niliwahadithia watu wetu habari hiyo, na Mzee wa Kalalani akauliza kama cheo cha biashara bado kiko wazi.

Sasa nifike kwenye ombi. Mwezi wa kwanza wanakuja Wathai wawili, wanunuzi wa mawe, wakielekea Kalalani, nao kwa kunisikia nikiusifu ukungu wetu wameazimia kupanda Bungu kwanza. Nawasihi msiwafungie sebuleni na soda. Wapelekeni wakachume chai, wakakate ndizi, wakatwange kisamvu na akina shangazi, wakaonyeshwe njia ya mlimani ambayo vijana waifyeke kabla ya mwaka mpya. Na kila jambo liwe na bei yake, iliyokubaliwa barazani na kuandikwa ukutani, wazi kwa kila mtu. Tumekwisha kuwauzia mawe yetu kwa bei ya kokoto. Tusiwape na mlima bure. Mpeni mgeni jembe siku ya kwanza, na mwandikieni risiti.